Kilo Kumi za Kurudi Nyumbani

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, mpunguze mapengo. Na nyinyi mama zangu nyuma ya pazia, sauti ikipotea gongeni ukuta. Leo sina maneno mengi. Nina mfano mmoja tu, nimeutunga mwenyewe, na bado unaniuma.

Kulikuwa na mwanamume mmoja aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, mbali na kwao. Kazi zile mnazijua. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye majaruba, jua linayakausha, watu wanaingia na reki kukomba chumvi mpaka nyayo zinapasuka. Pale kambini hakuna aliyetazama kalenda. Makubaliano yao yalikuwa ya tani: lundo likifika tani walizopatana, kila mtu anakwenda kwao. Ukimuuliza mtu wa pale, "Utaondoka lini?" hakutajii mwezi. Anakwambia, "Zimebaki tani arobaini." Na tani arobaini ni muda gani? Jua likiwaka ni wiki chache. Mvua ikinyesha, lundo linayeyuka, na tani zile zile zinageuka kuwa miezi. Wala hawakunung'unika. Walijua chumvi iliyoyeyuka leo, jua likirudi itaganda tena. Kwao kungoja kulikuwa sehemu ya kazi.

Bwana huyu alikuwa mtu mwema. Msimchukie mapema, maana nawajua, mnapenda kumchukia mtu wa kwenye mfano ili mtoke hapa mkijiona safi. Alimpenda mkewe, na binti yao mchanga, mtoto wao wa kwanza, alimpenda kupita kiasi. Siku ya kuondoka alimbeba, akampandisha na kumshusha mikononi kama alivyozoea kukadiria gunia, akacheka.

"Huyu sasa ni kilo tano," akamwambia mkewe. "Akifika kilo kumi, mimi nitakuwa nimeshafika mlangoni."

"Kilo kumi ndiyo lini, mume wangu?"

"Kama mwaka hivi. Wewe nihesabie kilo, tani nitazihesabu mimi."

Wakaagana kwa kicheko. Nani kati yetu hajawahi kuahidi namna hiyo?

Kila mwezi yule mama alikwenda kliniki. Mtoto akaning'inizwa kwenye mizani, nesi akasoma, mama akatoka nje kumpigia mumewe. "Kilo sita." Kambi nzima ikashangilia. "Kilo saba." Wenzake wakamtania kwamba binti anakua haraka kuliko lundo lao. Mwezi uliofuata mama akasema, "Saba." Na uliofuata tena, "Saba." Halafu ikaja siku akasema, "Sita na nusu. Mume wangu, mtoto hanyonyi vizuri. Nesi anataka apelekwe hospitali ya mkoa, na wakubwa hapa nyumbani wanasema hatoki kwenda mbali bila neno lako."

Sasa sikilizeni alivyojibu. Hakufoka. Mnaotegemea afoke, poleni. Alijibu kwa upole kabisa.

"Usijitie wasiwasi, mke wangu. Hizo ni mvua tu. Kitu hupungua, jua likitoka kinarudi. Subiri nije, tutampeleka pamoja."

"Utakuja lini?"

"Si tuliagana? Kilo kumi."

Mmeuona mtego huo? Mtoto hapelekwi hospitali mpaka baba aje. Baba haji mpaka mtoto aongezeke. Na mtoto hawezi kuongezeka mpaka apelekwe hospitali. Mtu aliutega mtego huo kwa kinywa chake, tena kwa sauti ya mapenzi, akakata simu, akarudi kwenye reki yake. Kichwani mwake hesabu ilikuwa imekaa sawasawa: kilo zimepungua, kwa hiyo muda umeongezeka. Alijiona bado ana nafasi.

Ulipita kama mwezi mmoja, simu ikalia. Sauti ya mkewe ilikuwa kavu.

"Leo amefika kilo kumi. Njoo."

Hakuuliza imekuwaje. Furaha haina maswali. Alimwendea msimamizi, tani hazijafika hata robo tatu, akaomba ruhusa ya kwenda kumwona mtoto. Msimamizi akasema, "Nenda, utatukuta." Basi. Neno moja tu. Ruhusa aliyoisubiri miezi yote ile ilikuwa imekaa pale pale, hajawahi kuiomba. Akapita sokoni akamwambia muuza viatu, "Nipe vya mtoto wa kilo kumi," watu wakacheka, naye akacheka nao.

Alifika nyumbani adhuhuri. Aliwakuta majirani uani. Mkewe alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto amefunikwa kanga mapajani. Baba akamwinua. Jamani, mikono ile ilikuwa imebeba chumvi maisha yake yote. Haikuhitaji mizani ya kliniki.

"Huyu si kilo kumi."

"Ni sita," mkewe akasema. "Pengine hata sita hazifiki tena."

"Mbona uliniambia kumi?"

"Nilikuita kwa saba, hukuja. Nikakuita kwa sita na nusu, ukaniambia ni mvua. Nikatafuta namba utakayoisikia. Mungu anisamehe. Sijawahi kukudanganya mpaka jana."

Waliondoka saa ile ile na mtoto. Walifika hospitali jua linaelekea kuzama, na binti alikata roho kwenye benchi la mapokezi, mikononi mwa baba yake, kabla jina lake halijaitwa. Daktari alikuwa mtu mpole. Alimfunika mtoto, akawatazama wote wawili, akasema taratibu, "Mngemleta mwezi mmoja nyuma, angepona." Hakutaja kilo hata moja. Alitaja mwezi, na mwezi ule haupatikani tena kwa tani yoyote ya chumvi duniani.

Ndugu zangu, namwona mzee wangu mmoja pale anataka kuniuliza hukumu ya uongo wa yule mama. Swali zuri. Lakini mzee wangu, niulize kwanza hukumu ya aliyemfikisha pale. Mwanamke mkweli alisema ukweli mara tatu, ukweli haukumtoa mumewe alipo. Aliposema uongo mara moja, mume akafika siku ya pili. Ni nani aliyemfundisha uongo?

Na sisi je? Sisi hatukombi chumvi, lakini kila mmoja ana kipimo chake alichokigeuza kuwa muda. Nitakwenda kumwona mama nikishavuna. Nitapatana na kaka yangu nyumba ikishaezekwa. Nitarudi kwa Mola wangu watoto wakishakua. Tunasema kwa upole, tunasema kwa mapenzi, na kila habari mbaya inayotufikia tunaifanyia hesabu mpaka itupe nafasi zaidi. Mama akisema kifua kinambana, tunasema ni baridi ya msimu, itapita. Chumvi ndiyo inayoyeyuka na kurudi. Mtu hana desturi hiyo, na sisi tunalijua hilo, tumezika wangapi hapa?

Kwa hiyo sitawaambia mwende mkatubu kwa jumla jumla, maana hilo mtaitikia amina na kwenda kunywa chai. Nakuuliza wewe, ndugu yangu unayetazama chini: nyumbani kwako, ni nani ambaye ameshakwambia ukweli mpaka amechoka, na sasa amekaa peke yake akitafuta uongo wa kukuleta?