Mikono ya Msusi

Wahenga waliposema mtaka cha mvunguni sharti ainame, hawakuzungumzia kitanda tu. Wapo wanaotamani kwa moyo wote, ila mgongo wao haukubali kukunjika.

Msusi mmoja alikuwa hivyo. Mumewe alipofariki na saluni ikafungwa, alibaki na kishamba kilichochoka, kisichotoa hata mboga ya kuonja. Wifi yake akamchukua binti wa pekee wa msusi.

"Acha nikae naye, wifi. Ukipata cha kumlisha, njoo umchukue."

Nyumba ikawa kimya kama maji mtungini. Mara nyingi msusi alijikuta amepakua sahani mbili.

Masista wa parokia walikuwa wakiwafundisha kina mama kilimo na biashara. Msusi alikwenda mara moja. Alimkuta Sista mzee amekunja mikono ya kanzu, anachanganya samadi na majani makavu kwa mikono mitupu. Akaziba pua.

"Sista, hakuna kazi ya kalamu?"

"Ipo, mama. Lakini kalamu haioteshi mchicha."

Akarudi nyumbani na kucha zake safi.

Siku moja alikwenda kumwona mwanawe. Mtoto alijikwaa uani, akaangua kilio, "Mama!" Msusi akanyoosha mikono. Mtoto akampita, akamkumbatia shangazi yake.

Njia nzima msusi alilia bila kujali anayemwona. Kesho yake alikuwa kwa Sista, amepiga magoti.

"Nifundishe."

Sista hakumcheka. Alimsogezea rundo la samadi.

Haikuwa lelemama. Viwavi walimaliza miche ya kwanza, akapanda tena. Alijifunza kufunika udongo kwa nyasi ili usikauke, kupanda maharage kati ya mahindi, kisha kukausha mboga na kumpelekea mpishi wa shule. "Hizi tamu," mpishi alisema, "niletee kila wiki." Mikono ikaota sugu, lakini hamu ya kumrudisha mwanawe haikuota hata moja.

Baada ya mavuno mazuri, wifi alimleta mtoto mwenyewe. Alichungulia ghalani, akatabasamu. "Wifi, umenishinda."

Alipoondoka, mtoto alikaa kizingitini, akiikodolea macho njia aliyopita shangazi yake. Msusi aliumia. Hata hivyo hakumvuta. Aliketi kando yake tu. Giza lilipoanza kuingia, mtoto akauliza kwa sauti ndogo, "Mimi nalala wapi?"

"Hapa, mwanangu. Na mimi."

Mtoto akajisogeza taratibu, akamwegemea. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.