Udongo wa Namcheja

Hapo zamani, wala si ile ya wanyama kusema, ni hii ya magari kuugua, kijiji kimoja cha milimani kilikuwa na gari moja tu. Mwenyewe Bibi Nakunda, dereva wake Kirama. Lilibeba tangawizi, lilibeba wagonjwa, lilibeba na maiti.

Siku moja taa ya injini ikawaka, ikagoma kuzimika. Gari likawa linakunywa petroli kama mlevi aliyeona pombe ya msiba, linatema moshi mweusi. Fundi Kallaghe akafungua plagi, akazikuta zimejaa masizi. Fundi mwingine angezipangusa akaenda zake. Yeye akaingia uvunguni, akalifuata bomba la moshi, akaipima kwa mita sensa ya oksijeni, kile kidude kilichochomekwa humo. Injini inanguruma, mshale umelala. Ulitakiwa upande na kushuka.

"Hii ndiyo pua ya injini," akasema. "Inanusa moshi, inaiambia injini petroli imezidi au imepungua. Pua imekufa, injini inajimiminia tu. Iletwe nyingine."

"Tangawizi inaoza shambani, wewe waniambia pua!" Bibi Nakunda akamkata. "Italetwa mavuno yakiisha. Na hiyo taa ing'oe, inatisha abiria."

Kallaghe akaing'oa. Akamwambia Kirama, "Safisha plagi kila asubuhi. Ukiacha, mlima utakukataa."

Senzia, mkulima mmoja, alikuwepo, kakalia gunia lake la tangawizi. Akasikia yote.

Kirama akasafisha, gari likapanda. Akasafisha, gari likapanda. Hata asubuhi moja Namcheja, mke wa Senzia, akashikwa na uchungu wa kuzaa, damu haikatiki. Senzia akakimbia kwa Kirama, akamkuta ameshika spana.

"Weka chini!"

"Kaka, kidogo tu, plagi..."

"Plagi zitangoja. Mke wangu hangoji!" Akamnyang'anya spana, akaitupa migombani.

Wakampakia Namcheja, gari likapanda kuelekea hospitali, likakohoa, likazima katikati ya mlima. Wakamtia Namcheja kwenye machela, wakakimbia naye. Machela ilifika hospitali. Namcheja hakufika, wala mtoto.

Kaburini Senzia akashika jembe, macho makavu. Kijijini hapo mwiko ulikuwa huu: mwenye mkono katika kifo hagusi udongo wa marehemu.

"Nani kati yenu asiguse?" akauliza.

"Mimi ugonjwa niliutaja mapema," akasema Kallaghe. "Mwenye gari akakataa dawa."

"Nilichelewesha, sikukataa," akasema Bibi Nakunda. "Na wewe fundi mzima, unaling'oa gari jicho kwa sababu kikongwe kakuamuru? Ningesema ung'oe breki, ungeng'oa? Na wewe Kirama, ulijua mlima utakataa. Mbona uliwasha?"

Kirama hakumtazama bibi. Alimtazama Senzia.

"Spana ilikuwa mkononi mwangu, kaka. Ningemwambiaje ngoja mtu ambaye mkewe anavuja damu?"

Asubuhi hiyo ya mazishi, Senzia akienda kukata majani ya kulazia maiti, aliiona spana migombani, imelowa umande. Alipita kama hajaiona. Sasa jembe lilikuwa zito, na wingu lilikuwa linashuka mlimani.

Haya, nyie mnaojua kuhukumu mkiwa mmekaa. Wanne wamesimama ukingoni mwa shimo, na marehemu hawezi kungoja mara ya pili. Je, nani hakustahili kuugusa udongo ule?