Kibuyu Juu ya Moshi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na kibuyu juu ya jiko!

Hapo zamani za kale, kanga alipokuwa mweusi tii asiye na doa hata moja, jua liliwaka misimu miwili mfululizo. Mboga zote zikakauka. Ukabaki mgagani mmoja tu, nyuma ya jiko la Bi Kanga.

Bi Kanga hakuuchuma hata jani. Alingoja maganda yawe ya manjano, akayakata kabla hayajapasuka, akayaanika kivulini siku saba. Akapura, akapepeta, akachanganya mbegu na majivu ili wadudu wasizile. Akazitia kwenye kibuyu, akakining'iniza juu ya moshi.

"Zikipotea hizi," aliwaambia wanawe, "mgagani tutausikia kwenye hadithi."

Siku ya kwanza Fisi akaja. Akaomba aonje punje moja tu. Akaambiwa mbegu hazionjwi. Akaenda zake.

Siku ya pili akaja amejifunga kitambaa kichwani. Akasema mganga amemwandikia mbegu za mgagani, kibuyu kizima. Bi Kanga akamuuliza anaumwa nini. Akajibu tumbo.

"Na kitambaa cha kichwani, shemeji?"

"Limepanda, shemeji."

Vifaranga wakacheka mpaka wakaanguka chali.

Siku ya tatu Fisi hakubisha hodi. Bi Kanga alikuwa uani akitazama mawingu. Fisi akaingia jikoni, akakwapua kibuyu, akakimbia nacho hadi katikati ya shamba, akakimimina chote kinywani.

Lo! Majivu yakampanda puani. Chya! Mbegu zikaruka upande huu. Chya! Zikaruka upande ule. Bi Kanga akafika mbio, na chafya ya tatu ikampata yeye mwenyewe. Chya! Majivu yakamjaza madoadoa meupe mwili mzima, hayafutiki hadi leo.

"Shemeji," alisema Bi Kanga, "umetumaliza."

Hapo hapo tone likaanguka. Likaja la pili. Mvua ikamwagika. Wiki ya nne tangu mvua hiyo, shamba zima lilikuwa kijani, na Fisi akaja kudai ujira wa kupanda.

Bi Kanga akacheka hadi machozi. Kabla mtu hajachuma, alifunga kamba kwenye mashina matatu bora, yaachwe ya mbegu. Kisha akampa Fisi bakuli la mgagani, na ungo. Msimu ule, wa kupepeta alikuwa yeye. Chya!

Ndugu zangu, anayekula mbegu leo, kesho hula majivu. Nami kibuyu changu nimekifunika. Nawe katazame chako.