Kiboko Aliyetaka Kiuno

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na mto, na kiboko ndani yake!

Haya, sogeeni basi, msije mkasema hamkusikia.

Hapo zamani za kale, usiku wa manane, mtoni palisikika sauti. Ndu! Ndu! Ndu! Kiboko akazinduka, akamvuta mwanawe Tope karibu. "Nani hawa wanaopiga ngoma saa hizi?" Ngoma haikuwapo. Ulikuwa moyo wake mwenyewe, unakimbia mbio, na mwenyewe amelala.

Mambo yalianza hivi. Kiboko alikuwa mzazi, uzazi wa kwanza, na desturi ya mto ule mama akimaliza arobaini hutolewa nje, acheze mchangani, wote wakimtazama. Swala akaja kumwona mtoto. Akamtazama mama.

"Shoga, huyu umeshamzaa, au bado yumo?"

Akacheka, akaondoka zake akirukaruka.

Kiboko akalia. Na Korongo alikuwa hapo karibu. Wa namna yake huwa karibu daima. Mtaalamu mkubwa! Shule aliyosomea hakuna aliyewahi kuiona.

"Mama Tope, unalia nini na dawa ipo? Unga huu unayeyusha mafuta. Itazame shingo hii. Mimi nilikuwa kiboko!"

"Ndani kuna nini?"

"Majani."

"Majani gani?"

"Ya asili."

Kiboko akaridhika. Nani asingeridhika na jibu lililokamilika hivyo? Wakapatana: Kiboko atamtimulia samaki, Korongo atamletea unga.

Akanywa mara ya kwanza. Tuseme haki jamani: tumbo lilishuka, akapanda ukingo bila kuhema, hata Swala akageuka kumtazama.

Akanywa mara ya pili. Moyo ukaanza ile ngoma yake ya usiku. "Ni mafuta hayo," akasema Korongo, "yanaaga kwa kelele."

Akanywa mara ya tatu. Tope akanyonya, akanyonya, akaachia ziwa, akalia. Maziwa hakuna. "Naye atapungua," akasema Korongo. "Familia nzima mtapendeza!"

Jirani yake Kobe, kobe wa majini, akasikia kile kilio, akaja.

"Mama Tope, kupungua umepungua, sikatai. Ila uliuliza kitapungua nini?"

"Una wivu, dada Kobe. Hilo gamba lako halipunguzwi na unga."

"Haya, mwenzangu."

Jioni Kiboko akaingia mtoni, Tope mgongoni. Mnajua viboko hawaelei. Hutembea chini kabisa, uzito wao ndio nanga yao. Akakanyaga: chini hakuna. Akakanyaga tena: chini hakuna. Mara ya tatu maji yakamwinua kama kibuyu kitupu, yakamchukua, na kule mbele maporomoko yananguruma.

"Mama! Mama!" Tope ameshateleza.

"Ng'ata matete!" Kobe akapiga kelele, akajitosa.

Kiboko akayang'ata. Kobe akamsukuma Tope kwa gamba lake, lilelile lisilopunguzwa na unga, mpaka mchangani. Kiboko akajikokota nje, anamlamba mtoto, analia, anamlamba tena.

Asubuhi Korongo huyo, na unga wake.

"Korongo," akasema Kiboko, "unga huu, wewe unakunywa?"

"Mimi?" Korongo akashtuka hata ukweli ukamponyoka. "Ninywe mimi? Mimi nina watoto!"

Kiboko akafunua kinywa, na kinywa cha kiboko mnakijua.

"Kunywa."

Korongo akanywa mfuko mzima. Ndiyo maana mpaka leo miguu yake ni vijiti, tena husimama kwa mmoja. Ule mwingine anauweka akiba, usije ukaisha.

Kiboko akaacha unga, akarudi kula nyasi zake, maziwa yakarudi pole pole. Siku ya kutolewa akacheza na mwili wote, mchanga ukatikisika, Swala akaanguka chali.

Basi, anayetaka kupungua apungue, si dhambi. Lakini aulize ndani kuna nini, na kinaondoa nini pamoja na mafuta. Na anayenyonyesha aulize zaidi, tena amwulize anayemtibu, si anayemuuzia.

Kiboko alimwapisha Kobe: "Dada, aibu hii usimwambie mtu." Kobe akaapa, akaniambia mimi tu. Nami niliapa, nimewaambia nyinyi tu. Hadithi yangu naiacha hapo mtoni. Nanyi apeni: hamtamwambia mwingine!

Hatumwambii!