Chungu kwa Ujazo Wake

Palikuwa na mtu aliyerithishwa fimbo. Jina lake Asagwile, na kijiji chake kilikuwa cha wafinyanzi, chini ya milima, kando ya ziwa, mahali ambapo udongo ni mwema kwa vyungu na mbaya kwa mahindi. Watu wa hapo walifinyanga. Watu wa milimani walilima. Siku ya gulio wa milimani waliteremka na nafaka, wa chini wakatandaza vyungu, na kila mmoja akarudi kwake na kile alichokikosa. Hivyo ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyewafundisha.

Gulio hilo lilikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ilikuwa na sababu. Zamani za babu yake Asagwile, mchuuzi mmoja alimkuta mjane mwenye njaa, akamchukulia chungu kizima kwa konzi ya mahindi. Kijiji kiliumia. Wazee wakaketi, wakaamua kwamba tangu siku ile kila chungu kitabadilishwa kwa nafaka inayokijaza, isizidi wala isipungue. Mtu wa ukoo mmoja atasimama na fimbo iliyonyooka, aipitishe juu ya mdomo wa chungu, akate kilele, na hapo biashara imekwisha. Chungu kwa ujazo wake. Ilikuwa sheria ya huruma, tusiidharau.

Asagwile aliipenda kazi yake. Siku ya gulio alioga mapema, akavaa shati jeupe, akapita safu kwa safu akikata vilele, na hakuna aliyethubutu kumnong'oneza jambo. Hakupokea hongo hata ya ndizi. Aliamini kwamba bila fimbo ile watu wangelana nyama, na aliwapenda watu wake, ndiyo maana aliwaogopea.

Sasa tazameni. Mfinyanzi naye ana akili kama mtu mwingine yeyote. Akijua analipwa kwa ujazo, atafinyanga tumbo. Vyungu vya kijiji kile vikaanza kunenepa mwaka hadi mwaka, kuta zikazidi kuwa nyembamba, vikawa na vitambi kama wazee waliotoka kula harusini. Ukiviona vimepangwa, vilipendeza. Ukivibandika motoni, vilipasuka maharage yakiwa bado magumu. Vikaango vikatoweka, kwa kuwa kikaango kinaingia nafaka kidogo mno. Mifuniko ndiyo ikasahaulika kabisa, maana mfuniko haujazwi na kitu, basi kwa sheria haukuwa na thamani yoyote. Watu waliojua udongo kuliko wote katika ziwa lile wakawa wanafunika chakula chao kwa majani ya mgomba, wala hakuna aliyecheka. Walikuwa wameshazoea.

Asagwile alikuwa na binti, Subilaga, aliyefiwa na mume angali kijana na kuachiwa watoto wadogo wawili. Huyu alikuwa na kichwa kigumu. Alitwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, akachanganya unga wake na udongo mbichi, akaukanda mpaka ukalainika. Vyungu vyake vilikuwa vidogo, vizito kitako, na havikujua kupasuka. Mama mkwe wake alimsihi avitanue matumbo kama wenzake ili watoto wapate kula. "Mama, mimi nafinyanga cha kupikia," alijibu, "si cha kutazama." Na kwa kichungu chake alipata vibaba vichache vya mahindi ambavyo havikumaliza hata wiki.

Kulikuwa na siku moja ya gulio ambayo Asagwile hakuisahau, ingawa wakati ule aliikumbuka kwa fahari. Mwanamke wa milimani alikishika kichungu cha Subilaga, akakigonga kwa kidole, akasikia kinavyolia, akatabasamu. Akakijaza mahindi. Kisha akaongeza, akaongeza tena, mpaka nafaka ikasimama juu kama kichuguu, na bado mkono wake ulikuwa ndani ya kikapu. Asagwile akafika. Akapitisha fimbo. Nafaka ya ziada ikamwagikia kikapuni ilikotoka, na wanawake wale wawili wakainamisha macho. Watu walimsifu siku ile wakasema Asagwile hana upendeleo hata kwa damu yake. Akalala usingizi mnono. Wajukuu wake walilala na uji mwepesi.

Ndipo ukaja mwaka wa mvua haba. Milimani walivuna, lakini kidogo. Mtu aliyezoea kujaza chungu chenye kitambi bila kuuliza, sasa akipima nyumbani anaona nafaka hiyo ndiyo chakula cha wanawe. Angeweza kutoa nusu. Nusu ilikuwa marufuku. Basi watu wa milimani hawakugombana na mtu, hawakulalamika popote. Waliacha tu kuteremka. Walipofika njia panda juu ya kijiji walishika mkono wa pili wa njia, wakaenda ng'ambo ya mto, kwenye soko ambalo wafinyanzi waliliita pango la wezi, kwa sababu huko kila mtu anapatana na mwenzake apendavyo.

Gulio la wafinyanzi likabaki na vyungu. Safu kwa safu, vinono, vitupu. Asagwile alipita na fimbo yake asipate kilele cha kukata. Nyumba kwa nyumba watu wakaanza kulala bila kula, nao walikuwa wamezungukwa na kazi ya mikono yao. Udongo hauliwi.

Wazee wakaketi tena, tena kwa uchungu, na wakaamua kama watu wenye uchungu wanavyoamua: Asagwile asimame njia panda. Mwenye nafaka aelekezwe chini, atake asitake. Na mtu wa kijijini atakayeonekana anatoka na vyungu vyake arudishwe, maana mafundi wakihama kijiji kitakufa. Walijua ni nani anayefunga mizigo. Asagwile pia alijua, na moyo ulimwuma, lakini aliondoka na fimbo yake alfajiri akasimama mahali alipotumwa.

Wa kwanza kuja alikuwa Subilaga. Alikuwa na tenga la vyungu kichwani, mtoto mdogo mgongoni, mkubwa amemshika mkono. Hakushtuka kumwona baba yake. Alisalimia, akaitikiwa, akasimama.

"Rudi nyumbani, mama," Asagwile alimwambia kwa upole, kama baba anavyomwita binti yake. "Sheria hii iliwekwa kwa ajili ya wajane."

"Ndiyo, baba. Na mjane ni mimi," alisema Subilaga. "Naomba njia."

Asagwile hakumpa njia. Alisimama, fimbo ikiwa imelala kukatiza njia, na mtoto mkubwa alimtazama kwa macho makubwa ya njaa, na mzee akageuza uso kuangalia milima. Huko juu alikuwa anateremka mwanamke mwenye kapu la mahindi, na nyuma yake watu wengine na mizigo yao. Alipokaribia, Asagwile alimtambua: ndiye yule wa siku ya kichuguu cha nafaka. Jina lake Sekela.

Alitoa shikamoo, akapokea marahaba, akaelekea mkono wa pili. Fimbo ikamzuia. Asagwile akamweleza kwamba leo njia ni moja tu, ya kijijini, na kwamba huko atapata vyungu, kila chungu kwa ujazo wake, kwa haki, bila kudanganywa na mtu. Alisema kwa unyenyekevu, karibu kwa kusihi.

Sekela alitua kapu lake chini. Akajifuta jasho kwa upindo wa khanga, asionekane kukasirika.

"Baba," alisema, "pale kwenu siruhusiwi kukataa. Sasa nikikubali, nitakuwa nimekubali nini?"

Asagwile alifungua kinywa kumjibu. Alikuwa na majibu mengi, aliyarithi pamoja na fimbo. Lakini alipotazama chini aliona kapu la mahindi upande huu, na upande ule tenga la vyungu ambalo Subilaga naye alikuwa amelitua ili apumzishe shingo. Vitu hivyo viwili vilikuwa vinatafutana. Mmoja alikuwa na chakula bila cha kupikia, mwingine ana cha kupikia bila chakula, na hatua chache tu ziliwatenga. Kati yao kulikuwa na kitu kimoja. Kilikuwa yeye.

Aliona aibu. Si aibu ya mwizi, maana hakuwahi kuiba. Ni aibu ya mtu mwema aliyegundua kwamba wema wake umekuwa ukila watoto wa watu. Aliinua fimbo, akatoka njiani, akasimama kwenye majani.

Wanawake wale hawakwenda popote. Sekela alichuchumaa, akachagua kichungu, akakigonga, akasikiliza. Akakijaza. Kisha akaongeza. Nafaka ikapanda ikapita mdomo, ikasimama kichuguu, na mkono wa Asagwile, kwa mazoea ya miaka yote, ukainuka na fimbo kukata kilele. Ukabaki juu. Mtu yeyote aliyewahi kuacha jambo alilolizoea anajua jinsi mkono ule ulivyokuwa mzito. Akaushusha taratibu mpaka fimbo ikagusa ardhi.

Kati ya wale waliofuata alikuwapo bwana mmoja mwenye maneno mengi. Aliona vyungu, aliona watoto, akajua njaa iko pale. Akatoa konzi ya mahindi, ile ile konzi ya hadithi za babu. Asagwile alihisi damu ikimpanda. Hii ndiyo siku aliyoiogopa maisha yake yote. Lakini kabla hajatamka, Subilaga alikuwa amekwisha kukivuta chungu chake, bila ugomvi, na kumgeukia mtu aliyesimama nyuma ya yule bwana. Huyo wa nyuma akatoa zaidi. Yule wa kwanza akakohoa, akaongeza naye. Mzee akabaki ameduwaa. Kumbe yule mjane wa zamani hakuangamizwa na ukosefu wa fimbo. Aliangamizwa kwa kuwa siku ile mnunuzi alikuwa mmoja.

Habari hazina miguu lakini hufika. Kabla jua halijawa kali wafinyanzi walikuwa wanapanda kutoka kijijini na vyungu vyao, na njia panda ikageuka gulio. Nisiwadanganye kwamba wote walifurahi. Waliokuja na vyungu vya kitambi, vyenye kuta nyembamba, walipewa kidogo, wengine robo ya walichozoea, wengine hawakuguswa, na mmoja alimtukana Asagwile mbele ya watu kwamba amemuuza. Aliyavumilia matusi yale kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyewafundisha kufinyanga matumbo. Lakini robo ya mahindi ni chakula, na jioni ile kulikuwa na moshi majikoni. Na yule aliyetukana alionekana siku chache baadaye akitwanga vigae.

Msidhani Asagwile alikaa bure. Siku ile ile alimkamata mfinyanzi aliyeziba ufa kwa nta ya nyuki akapaka masizi juu yake, na akamfanya aseme wazi kwa mnunuzi kwamba chungu kina ufa. Alimkamata pia kijana wa milimani aliyetaka kumnyang'anya kikongwe chungu chake kwa nguvu. Kwa hayo fimbo ilikuwa na kazi, na kazi ilimtosha. Wazee walipomwita usiku kumuuliza kwa nini ameivunja sheria ya mababu, aliwajibu kwamba mababu walitaka mjane ashibe, naye leo amemwona ameshiba. Wengine walinung'unika. Hakuna aliyempinga, kwa sababu hata wao walikuwa wametoka kula.

Lakini nimeruka jambo moja, na ndilo lililokuwa moyoni mwake siku nzima. Jua lilipoanza kuinama, watu walipokuwa wanatawanyika, Subilaga alifunga mahindi yake kwenye khanga, akambeba mdogo, akasimama pale njia zinapoachana. Chini kulikuwa na kijiji. Mkono wa pili kulikuwa na mto na lile soko la ng'ambo, na dada wa marehemu mume wake aliyekuwa amemwandalia mahali pa kulala. Asagwile alitamani kumwambia abaki. Alitamani kumkumbusha kaburi la mama yake, na kwamba yeye ni mzee. Hakusema. Alibaki kwenye majani, mbali na njia, na akaificha fimbo nyuma ya mgongo wake ili hata kivuli chake kisikatize mbele ya binti yake. Ulikuwa woga mkubwa kuliko woga wowote aliowahi kuuonja.

Subilaga alitazama huku, akatazama kule. Kisha akamshika mkubwa mkono, akashika njia ya chini, ya nyumbani.

Asagwile alimfuata nyuma polepole, akilia bila kujificha. Alikuwa amemjua tangu kuzaliwa kwake, na ile ilikuwa mara ya kwanza kujua kwamba binti yake anampenda. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa, na sisi tunayarudia maneno hayo kwenye harusi na mikutano kama tunavyorudia salamu. Basi ninyi mlio na fimbo mkononi, iwe nyumbani, iwe barazani, iwe sokoni, nawauliza neno moja: huyo aliyebaki nanyi, amebaki kwa kupenda, au ni kwa sababu mmesimama njiani?