Kamba Kwenye Msumari

Mtu mmoja alikuwa na shamba la migomba chini ya mlima, akaligeuza kuwa makao ya tumbili. Jina lake Righa. Hakuwa tajiri, wala hakuwa amerukwa na akili, ingawa majirani walisema hivyo kila alipopita. Alikuwa na huruma tu, basi. Alipokea tumbili waliogongwa na magari, walionaswa kwenye mitego, na wale waliofugwa wangali wachanga kisha wakatupwa walipoota meno. Kila Jumamosi watu walikuja kujitolea. Huyu anakatakata maboga, yule anaziba matundu ya waya, mwingine anateka maji. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyeuliza malipo.

Kati ya tumbili hao alikuwapo mmoja aitwaye Bwana Harusi. Jina hilo alipewa na Mwadime, mzee aliyekuwa akimzungusha sokoni amemvisha kizibao chekundu, kamba kiunoni. Mwadime akipiga debe, tumbili anacheza, watu wanatupa sarafu. Siku Righa alipoona jinsi kamba ilivyozama kwenye nyama, alilia hadharani, mtu mzima. Alimwita Mwadime mnyama mbele ya soko zima, akamchukua yule tumbili, na hakuna aliyemzuia. Nyumbani aliifungua kamba polepole, kwa maji ya uvuguvugu na mafuta ya nazi, mpaka jua likazama. Kisha akaitundika kwenye msumari mlangoni, ili kila mgeni aone binadamu anavyoweza kuwa. Kidonda kilipona, lakini mahali pale manyoya hayakuota tena.

Kilichochelewa kupona ni kitu kingine. Kila alipomwona mtu ameshika chakula, Bwana Harusi alisimama kwa miguu miwili akacheza kwanza, ndipo akanyoosha mkono. Alijua chakula hununuliwa hivyo. Righa hakumgombeza, hakumcheka, alimpa tu, leo na kesho na keshokutwa. Hata asubuhi moja tumbili akaja, akakaa kwenye goti lake, akatwaa ndizi mkononi mwake, akala kama mwenye nyumba. Righa alitoka mbio kumtafuta Mghoi, mjane aliyekuwa akijitolea pale tangu mwanzo, akamwambia, "Mama, leo amekula bila kulipa!" Wakashikana mikono wakacheka, wazee wawili wazima, kama waliopata mjukuu.

Mwaka uliofuata mvua iligoma. Migomba ikakauka imesimama. Waliokuwa wakijitolea wakapungua, na msiwalaumu, maana nao walikuwa na watoto wanaolia nyumbani. Righa aliuza mbuzi wake, akauza na baiskeli. Tumbili walikonda mpaka ukiwashika unashika mifupa, na vitoto vililamba sahani iliyokwisha kulambwa. Ndipo kamati ya makao ikasema, tufanye harambee, tumwalike mheshimiwa. Turubai likafungwa, viti vikapangwa, muziki ukapigwa, watu wakaja wengi kuliko walivyotarajiwa.

Mgeni rasmi alizungukia mabanda yote, akafika mlangoni akaiona ile kamba. Akauliza, akaelezwa. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alimvuta Righa kando akamwambia kwamba watu hawatoi kwa kusikia, hutoa kwa kuona. Tumbili huyo afungwe kidogo tu, waone alivyoteswa, kisha afunguliwe, kuna ubaya gani? Righa akamtazama Mghoi, na Mghoi akatikisa kichwa. Akatazama mabandani, akaviona vile vitoto na sahani yao. Ninyi mnaoguna hapo, ngojeni kwanza. Mngefanyaje? Righa alinyoosha mkono, akaitoa kamba kwenye msumari.

Aliifunga kwa kulegeza, wala haikugusa kovu. Bwana Harusi hakumuuma, hakupiga kelele. Alimtazama Righa usoni, akamtazama sana. Kisha akasimama kwa miguu miwili, mbele ya watu wote, akaanza kucheza. Hakuna aliyepiga debe. Watu walicheka, wengine wakatokwa na machozi, simu zikainuliwa juu, na kikapu kikajaa kikaletwa kingine.

Nyuma ya watu alikuwa amesimama Mwadime. Alikuja kama jirani yeyote, akatia noti yake kikapuni kama jirani yeyote. Alipompita Righa akasimama kidogo, akasema kwa upole, bila kejeli hata chembe, "Kumbe, ndugu yangu, hata mimi nilikuwa nachangisha tu."

Righa aliinama, akaifungua kamba kiunoni mwa tumbili.

Fedha zilileta maboga, zikaleta mahindi na daktari wa mifugo, na ukame ule haukuua tumbili hata mmoja. Siwezi kusema mchango ule ulikuwa bure, nitakuwa naongopa mbele ya Mungu. Vile vitoto vilishiba. Lakini asubuhi iliyofuata Righa alipoingia na ndizi mbivu, Bwana Harusi aliinuka akacheza. Righa akamwambia, hapana, hapana baba, wewe kula tu. Akazidi kucheza. Alicheza mpaka akahema, kisha akanyoosha mkono kupokea ujira wake. Righa aliketi chini pale pale kwenye vumbi akalia, na safari hii hapakuwa na Mwadime wa kumtukana.

Kamba aliitia motoni siku hiyo hiyo, chini ya sufuria ya maboga. Tumbili hakuacha kucheza. Basi Righa akaanza desturi mpya. Aliweka chakula, akageuka, akakaa ameelekea ukuta, ili pasiwe na macho ya kuchezewa. Nyuma yake alisikia miguu midogo ikipigapiga udongo. Mghoi alipita na ndoo yake akanong'ona kwamba hata usipomtazama bado anacheza. Righa akajibu kwamba anajua, anangoja. Wageni walipofika wakiomba kumwona yule tumbili maarufu wa harambee, aliwaambia wamwachie chakula chake kwa Mghoi, waende salama. Wengine walinuna wakaondoka na mikoba yao. Aliwaacha waende.

Mvua zikarudi, migomba ikatoa majani mapya. Asubuhi moja Righa alikaa ameelekea ukuta kama kawaida yake, akasubiri kusikia miguu. Hakusikia miguu. Alisikia kutafuna. Alitamani sana kugeuka aone, jamani, alitamani kama mtoto, lakini hakugeuka.

Nanyi mnaotoa, mkaja na wapiga picha wenu, nawaulizeni neno moja: yule mnayemlisha, akisikia hatua zenu mlangoni, huketi akala, au huinuka akacheza kwanza?