Kwa Nini Mwalimu Huwaachia Watoto Neno la Mwisho

Hebu fumbeni macho, wanangu, muone mlima. Chini kuna migomba, juu ya migomba kuna msitu, na juu ya msitu kuna ukungu. Ni asubuhi ya kipupwe. Kila anayepita njiani anatoa moshi mweupe mdomoni, na umande umelala juu ya majani ya magimbi bila haraka ya kuondoka. Mkishauona mlima huo, kaeni hapo hapo, kwa maana hapo ndipo jambo hili lilipoanzia.

Zamani hizo, wazo la mtoto lilionekana kwa macho. Likitulia kichwani halikuonekana, lakini likichoka kukaa lilitoka taratibu juu ya paji la uso, jeupe na jepesi, mfano wa pumzi ya asubuhi ya baridi. Lilizungukazunguka darini, likatafuta upenyo, kisha likaenda zake. Watu wazima waliyaona mawazo ya watoto yakipita juu ya mashamba, mengine peke yake, mengine kwa makundi, yakielekea ukingo wa mlima kucheza na ukungu. Hakuna aliyeshangaa. Mama akimwita mwanawe asiitikiwe, aliinua kichwa akatazama juu, akasema, "Ah, kumbe yuko kule," akaendelea kutwanga. Jua lilipoinama mawazo yalirudi yenyewe, kila moja kwa mwenyewe, kama mbuzi wanaojua zizi lao.

Katika mlima huo aliishi mwanamke aliyeitwa Nakijwa, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto zamu za maji. Watu wa mlima ule waliishi kwa mfereji. Maji yalitoka msituni, yakakusanywa katika ndiva, yaani bwawa dogo la mawe na udongo, kisha yakateremshwa mashambani kwa zamu. Asiyejua zamu angefungua maji saa ya mwenzake. Shamba la mwenzake lingekauka, na ujirani ungekauka pamoja nalo. Kwa hiyo kila mtoto alipelekwa kwa Nakijwa mara tu alipoweza kuvuka mfereji bila kushikwa mkono.

Nakijwa aliipenda kazi yake, na aliyapenda maneno kupita kiasi. Akianza kusema jua likichomoza, alisema mpaka vivuli vikajikunja chini ya miguu. Hakuuliza, hakunyamaza, hakumwachia mtu nafasi. Kila jambo alilianza mwenyewe na kulimaliza mwenyewe. Alipoyaona mawazo ya watoto yakitoka moja baada ya jingine na kupita dirishani, alidhani maneno hayajatosha, akaongeza mengine.

Miongoni mwa watoto hao alikuwamo Nanzia, binti mdogo mwenye macho makubwa, ambaye aliweza kuinama juu ya mfereji akimtazama kaa mmoja mpaka chakula chake kikapoa nyumbani. Wazo lake lilienda mbali kuliko mawazo ya wenzake. Siku moja somo lilirefuka kuliko siku zote. Wazo la Nanzia lilipaa, likafika ukingoni, likavuka, likapotelea ukunguni. Jua lilipoinama, mawazo ya wengine yalirudi. La Nanzia halikurudi.

Mtoto akapelekwa nyumbani kwa kushikwa mkono. Alilishwa akala, akalazwa akalala, lakini hakucheka, hakuuliza neno, wala hakumtafuta kaa wake. Kesho yake alikuwa vile vile. Mama yake akaja kwa Nakijwa, akasimama mlangoni na upande wa kanga umebanwa kwapani.

"Mwalimu, mwanangu nilikuletea mzima," alisema kwa sauti ya chini. "Sikuja kugomba. Nimekuja kuuliza tu, umemwacha wapi?"

Nakijwa alitoka nje, akainua kichwa kuutazama ukingo wa mlima.

Tena kipupwe kilikuwa kinakaribia kwisha. Kila mtu mlimani alijua kwamba joto likianza, ukungu huteremka mpaka tambarare, na huko jua huunywa wote. Kama wazo la Nanzia lingekuwa bado limechanganyika nao, lingenywewa pia, na mtoto angebaki hivyo hivyo maisha yake yote.

Ndipo akaja Mzee Kiondo, mlinzi wa ndiva, na tope bado liko vidoleni. "Mwalimu, la yule mtoto sina dawa yake," alisema. "Lakini haya mengine yaliyobaki tusiyapoteze. Mimi tangu ujana wangu nazuia maji yasivuje. Maji na mawazo ni ndugu. Ziba nyufa."

Ushauri huo ulimwingia kila mtu akilini, maana kwa watu wa mfereji hakuna kinachotoroka ambacho hakitibiwi kwa udongo. Wazazi wakaja na tope, na nyasi kavu, na maganda ya mgomba. Wakaziba ukuta, wakaziba dirisha, wakaziba na mlango, wakaacha upenyo wa kupita mtoto kwa ubavu. Asubuhi watoto wakaingia, upenyo nao ukazibwa, Nakijwa akaanza kufundisha. Mawazo yakatoka kama kawaida, yakakosa njia, yakajikusanya darini, yakaanza kushuka. Muda si muda nyumba nzima ikawa nyeupe kama maziwa.

"Mwalimu, Mbonea ananikanyaga."

"Si mimi. Mimi niko huku."

"Huku wapi?"

"Sijui."

Nakijwa mwenyewe alimpapasa mtoto akidhani ni nguzo. Kisha usingizi ukawapitia wote, mmoja akimwegemea mwingine, na hata Mzee Kiondo, aliyekuja kuitazama kazi ya mikono yake, akaanza kukoroma ndani pale mlangoni. Wapita njia ndio waliobomoa lile tope. Mawazo yakatoka kwa kishindo cha kimya, yakaenda zake mlimani. Mzee Kiondo akafuta ukungu kwenye nyusi, akafikiri kidogo.

"Basi si ndugu," alisema. "Labda ni mashemeji."

Nakijwa akayasimamisha masomo. Akawa kila siku anamchukua Nanzia wanapanda mpaka kwenye ndiva, wanakaa ukingoni, wakiutazama ukungu. Mwanzoni alimwambia habari nyingi, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kumwita mtu. Maneno yake yaliingia katika ule weupe yakapotelea humo. Siku zilivyopita akaanza kuchoka, na ukungu ukaanza kuwa mwepesi, hata vilele vya miti vikaonekana kupitia ndani yake.

Ikafika siku upepo wa joto ulipopanda kutoka tambarare. Ukungu ukatikisika, ukaanza kuteleza kushuka mlima, polepole, kama shuka linalovutwa kutoka kitandani. Nakijwa alimpakata Nanzia. Hakuwa tena na nguvu ya maneno marefu. Akaanza kuzitamka zamu za maji, zile fupi za watoto wadogo, kwa sauti ya kubembeleza.

"Maji ya alfajiri ni ya mitungi. Maji ya asubuhi ni ya migomba. Maji ya mchana ni ya mahindi. Na maji ya jioni hulala..."

Machozi yakamtangulia. Neno la mwisho halikutoka.

 Tone la maji lilidondoka kutoka kwenye jani, likasikika. Ndani ya ukungu uliokuwa ukiteremka, kipande kimoja, ukubwa wake kama kibakuli, kikasimama. Ukungu wote ulipita kando yake ukaenda zake, chenyewe kikabaki pale pale, kama mtu aliyesikia akiitwa na hana hakika sauti imetoka wapi.

Nakijwa alikiona. Lile neno lilikuwa tayari ulimini mwake, na mazoea ya maisha yake yote yalimsukuma alimalize. Akauma mdomo. Hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kungoja. Kile kipande kikageuka. Kikaja juu ya magimbi, kikasita, kikaja tena, kikafika kwenye paji la uso la mtoto, kikazama kama maji yanavyozama katika udongo mkavu.

"Ndivani," alisema Nanzia.

Kisha akageuza shingo akamtazama. "Mwalimu, mbona unalia? Si umesahau tu."

"Ndiyo, mama," alisema Nakijwa, akijifuta. "Nilisahau. Ahsante kwa kunisaidia."

Jioni ile ukungu ulifika tambarare na jua likaunywa wote. Nanzia alikuwa ameinama juu ya mfereji, akimtafuta kaa.

Nakijwa alilitafakari jambo hilo usiku na mchana. Akaona kwamba wazo la mtoto hulipita jambo lililokwisha kama msafiri anavyoupita mlango uliofungwa. Lakini jambo lililoachwa wazi kidogo halilipiti. Litarudi hata kutoka ng'ambo ya mlima, ili likamalizie pale palipobaki.

Masomo yalipofunguliwa, alisema machache, akaacha mkia wa sentensi ukining'inia. "Maji ya asubuhi ni ya...?" Mawazo yaliyokwisha kufika darini yakageuka, yakasukumana kurudi. "Migomba," wakaitikia watoto, isipokuwa Mbonea, aliyesema, "Mbuzi." Nyumba nzima ikacheka, na Nakijwa akacheka nao, kwa kuwa hata jibu lililokosea lilimwonyesha kwamba mtoto yuko nyumbani. Akaiuliza tena kwa upole, na safari hiyo Mbonea akaipata, akakaa wima mpaka mwisho wa somo.

Walimu wengine wakaja kumtazama, wakaiga. Na mawazo ya watoto, yakijua kwamba wakati wowote yataitwa, yakazoea kwenda karibu na kurudi upesi. Yakarudi upesi hivyo hata hayakupata tena nafasi ya kuwa meupe katika baridi. Ndiyo maana siku hizi hatuyaoni yakitoka. Yanatoka bado, lakini kinachoonekana ni macho ya mtoto tu, yametulia mahali ambapo hakuna kitu.

Na kuanzia kizazi kile mpaka hiki chetu, ukipita kando ya dirisha la shule yoyote, utamsikia mwalimu akisema, "Tatu mara mbili ni...?" na baada ya kimya kidogo utawasikia watoto wakimalizia, wengine sawasawa, wengine kwa kubahatisha, wote kwa pamoja.

Haya, fumbueni macho. Nawaomba mkumbuke jambo moja tu, hata mengine yote yakiwatoka. Mwalimu wako akinyamaza kabla ya neno la mwisho, hajasahau. Anakungoja.